Ngomenyi Si Ngomeni

Mkiletewa simiti mzibe nyufa za ukuta wa misheni, ikataeni. Nasema na nyinyi vijana mlioajiriwa juzi kulitunza jumba letu la makumbusho pale juu, mnaopanda kilima asubuhi na waya masikioni. Atakayeileta hiyo simiti atakuwa mtu mwema, tena atasema ametoa bure. Mshukuruni, mpeni chai, kisha mkaijengee choo. Ukuta ule ulijengwa kwa mawe na chokaa, na ukuta wa chokaa unapumua. Ukiufunga kwa simiti, unyevu hukosa pa kutokea, hurudi ndani, na mvua za vuli zikipita utaona plasta inavimba na kubanduka vipande vizima. Nendeni mkaangalie chumba cha kasisi upande wa nyuma. Yale makovu ukutani si ya vita, msiwadanganye wageni. Ni ya simiti ya msaada.

Mimi ni Mama Mghoi, yule bibi wa Wusi mwenye kelele. Nilianza kazi pale wakati jumba lilikuwa na popo wengi kuliko wageni, nikaacha magoti yaliponiambia basi. Mmeniomba niwaandikie mambo ya kazi, na mmoja wenu akaniambia niandike "vitu za kuchekesha, Shosh." Nitaandika. Za kuchekesha zipo, lakini ni chache, na zinaishia mapema.

Habari za jengo mtazikuta kwenye mabango, kwa hiyo nazipitia mbio mbio. Wamisionari walikuja wakaomba mahali pa kujenga. Wazee wakawapa ule mgongo wa kilima upande wa Mbololo, mahali ambapo hakuna mtu aliyekuwa akilima. Wamisionari wakashukuru sana. Hawakuuliza kwa nini udongo mzuri vile umeachwa na miti yake, na wazee hawakuwaambia, labda wakidhani wageni wangechoka na kurudi walikotoka. Likajengwa kanisa, nyumba ya kuishi na darasa moja.

Halafu vikaja vile vita vya Mjerumani na Mwingereza. Ukisimama kwenye mnara wa kengele unaiona reli inavyokatiza nyika kwenda Voi, na Wajerumani walikuwa wakivuka kutoka upande wa Taveta kuja kuilipua. Askari wa Mwingereza wakapanda, wakawaambia wamisionari wapishe, wakatoboa kuta za kanisa matundu ya bunduki, wakajaza magunia ya mchanga madirishani. Kanisa likawa ngome. Vita vilipokwisha ngome ikawa ghala, ghala likawa gofu, mbuzi wakajikinga mvua humo kwa miaka mingi, ndipo baadaye watu wa kata wakaunda kamati na kulifanya makumbusho. Matundu ya bunduki yapo bado. Watoto wa shule huyapenda kuliko kitu chochote mle ndani, na kila muhula mmoja hutia mkono ukanasa. Wekeni mafuta ya kupikia karibu, na msimvute. Mwambieni aache kulia, mkono utalegea wenyewe.

Sikuajiriwa kuwa fundi. Niliajiriwa kufagia kinyesi cha popo. Aliyenitoa kwenye ufagio akanishikisha mwiko ni Mzee Mwandoe, fundi mwashi wetu, mtu mrefu mkavu, mzee wa kanisa, ambaye hakuvua kofia yake ya sufu ila kwa maombi na kwa chakula. Alikuwa mkali kwa mawe na mpole kwa watu. Aliniona nikiziba tundu la panya kwa udongo na samadi, namna tulivyokuwa tukikandika nyumba kwetu Wusi, akasimama nyuma yangu kitambo.

"Mama Mghoi, nani alikufundisha kukandika?"

"Mama yangu."

"Basi kazi umeshajua. Imebaki kujua chokaa, na chokaa ni kama mama mkwe. Usiiendee kwa pupa."

Nikaiendea kwa pupa. Mawe ya chokaa yakitoka tanuruni ni lazima yatiwe majini yafe kwanza, na yanapokufa yanachemka kama chungu cha maharagwe. Unatia mawe kwenye maji, kidogo kidogo, ndani ya pipa la chuma. Mimi siku ya kwanza nilijaza mawe kwenye beseni la plastiki la kufulia, nikamimina maji juu yote kwa mara moja, nikainama kutazama. Mzee Mwandoe alinivuta kwa leso. Mawe yalipasuka kwa kishindo, mvuke ukapanda mpaka darini, popo wakatoka wote mchana peupe, na beseni likayeyuka likabaki limenata sakafuni kama chapati. Alama yake ipo mpaka leo karibu na mlango mkubwa. Kuna kijana wa kutembeza wageni aliyekuwa akiwaambia kwamba pale lilianguka bomu la Mjerumani. Nilimwacha aseme, maana bomu ni heshima kuliko beseni.

Baada ya hapo nilijifunza polepole. Chokaa iliyokufa mnaiacha imelala na maji juu yake mpaka iwe laini kama mtindi, na ikikaa zaidi inazidi kuwa nzuri. Mchanga uwe wa mtoni, uoshwe. Ukuta uloweshwe kwanza, la sivyo utaikamua plasta maji na kuiacha unga. Na mkimaliza, tundikeni magunia mabichi juu yake, msiliache jua la Voi liimalize. Mzee Mwandoe alikuwa akiyafunika maungio ya mawe kwa magunia jioni huku akinong'ona kama anayelaza mtoto. Nilimcheka. Aliniambia kazi isiyonong'onezwa haikai.

Sasa nifike kwenye neno, kwa maana ndilo lililotufikisha tulipofika.

Kilima kile kinaitwa Ngomenyi. Makumbusho yalipokaribia kufunguliwa, kamati ilimwita Mutua, mchoraji wa vibao kutoka Voi mjini, mtu aliyehamia kutoka bara na kijana mcheshi sana, aandike kibao cha barabarani. Akapewa jina kwa mdomo na kwa karatasi. Alirudi na kibao kizuri ajabu, herufi nyekundu, na mzinga mkubwa amechora pembeni, ingawa pale hapakuwahi kuwa na mzinga. Kimeandikwa NGOMENI.

"Iko wapi ile herufi y?" mtu akamuuliza.

"Nimewarekebishia," Mutua akasema, amefurahi. "Mlikuwa mmeandika ngomenyi. Hiyo Kiswahili ni ya wapi? Mngechekwa na watu wa Mombasa."

Tulicheka sisi. Tulicheka kweli, tukamwambia Mutua kuwa sasa amekuwa mwalimu wetu, na kibao kikasimikwa hivyo hivyo kwa kuwa rangi ilikuwa imeshakauka na mzinga ulipendeza. Mzee Mwandoe peke yake hakucheka. Alisema tu, "Ngomenyi si ngomeni," akaenda kukoroga chokaa yake.

Nyinyi mliozaliwa Voi, ambao Kidawida chenu kinaishia kwenye salamu, nisikilizeni. Kwa Kiswahili, ngomeni ni ndani ya ngome. Kwa Kidawida, ngomenyi ni pale wanapokaa ngoma, na ngoma hizi si za kuchezwa. Ni wahenga. Zamani mtu mzima akifa alizikwa, na muda ukipita kichwa chake kilifukuliwa kwa heshima, kikapelekwa kwenye pango la ukoo, kikawekwa mahali pake pamoja na waliomtangulia. Mvua ikikawia watu walikwenda kule. Nyumba ikiwa na ugonjwa walikwenda kule. Kila ukoo ulikuwa na ngomenyi yake. Basi ikatokea, kwa bahati ambayo sijui niiite nini, kwamba juu ya ngomenyi mojawapo Wazungu wakajenga ngome, na maneno mawili yasiyo na undugu yakalala kitanda kimoja.

Mwanzoni tulijua tofauti yake. Baadaye wakaja vijana wa kutembeza wageni, hodari kwa Kiingereza, wakiongozwa na huyu Kevo ambaye sasa ndiye mkubwa wenu. Kevo alikisoma kibao kama mtu yeyote anavyosoma kibao. Akawa anawaambia wageni kuwa kilima kinaitwa Ngomeni kwa ajili ya ngome. Wageni wakaandika. Walimu wa shule wakawafundisha watoto, watoto wakawarekebisha nyanya zao nyumbani. Mjukuu wangu mwenyewe aliniambia, "Shosh, sio ngomenyi, hiyo ni shrubu," yaani matamshi ya kishamba. Nilicheka hilo pia. Siku hizi silicheki.

Pango lenyewe liko nyuma ya mnara, unashuka kidogo, chini ya jabali lililoinama. Sikuwa nimewahi kufika. Alasiri moja tulipomaliza kurudisha tao la dirisha, kazi iliyotutesa sana, Mzee Mwandoe alinawa mikono, akasema, "Twende nikakuonyeshe mtu."

Vichwa vilikuwa vimepangwa kwenye ukingo wa jiwe, vyote vimeelekea mlangoni, vimekuwa rangi ya jiwe lenyewe. Nilisimama mbali. Kwetu Wusi tuna vyetu, na hata vile sikuwahi kuvisogelea, kwa maana nyumbani tulikuwa tunafundishwa kwamba hayo ni mambo ya giza. Mzee Mwandoe alivua kofia. Hakuwa anaomba na hakuwa anakula. Alielekeza kidole kwenye kichwa kilichokuwa mwisho kabisa, pembeni, pale ambapo jiwe limechomoza kama bega.

"Huyo ni Mwandoe," akasema.

"Mwandoe gani?"

"Babu yangu. Mimi nimepewa jina lake."

Akanieleza kwa sauti ya chini, kama tulikuwa nyumbani kwa watu. Babu yake alichukuliwa kwenye vita vile kubeba mizigo ya askari. Hakushika bunduki hata siku moja. Alibeba masanduku kichwani kwenda upande wa Maktau na kwingineko, akarudi na kifua kibovu, akafa nyumbani. Ukoo ukamzika, ukamfukua, ukamleta pale, wa mwisho kabla desturi haijaachwa. Baba yake Mzee Mwandoe alikuwa mwalimu wa kanisa. Alimpeleka mwanawe pangoni mara moja tu, akamwonyesha mahali, pale kwenye bega la jiwe, akamwambia, "Umemwona. Sasa sahau." Mtoto hakusahau. Alipokuwa mtu mzima na fundi, alipoitwa kutengeneza jengo la misheni, alikubali upesi kuliko ilivyostahili kazi ile.

"Siombi kitu hapa," akaniambia. "Usifikiri naomba. Mimi ni mtu wa kanisa. Namsalimia tu. Namwambia watoto wako wapi, nani ameoa, mvua imekuwaje."

"Na unajuaje kuwa ndiye?"

"Kwa mahali. Hapo ndipo alipowekwa. Hakuna aliyemsogeza."

Tulirudi kazini. Hakuniambia nifiche, lakini nilijua kuwa sikuambiwa ili nisambaze. Watu wengine wenye ndevu na wasio na ndevu wa Mbololo walikuwa na wahenga wao mle ndani, nao walikuwa wakipita pale na nyuso ngumu kama hawajui kuna pango.

Taabu ilianza na simu. Wageni walipoanza kuwa wengi, walianza kushuka pangoni kupiga picha. Msichana mmoja alibusu kichwa. Kijana mwingine alikivisha kimoja miwani yake ya jua, picha ikazunguka kote mpaka ikamfikia mwenyekiti wa kamati, Mwalimu Maghanga. Naomba mnielewe kuhusu Mwalimu Maghanga. Mgala muue na haki mpe. Alikuwa mwalimu mstaafu mwenye moyo safi, aliyelitafutia jumba lile paa alipokuwa hata yeye mwenyewe anavujiwa. Aliitisha mkutano ndani ya lile kanisa la zamani, akasimama na ile picha mkononi.

"Hawa ni askari," alisema. "Walikufa wakilinda hii ngome, wakaachwa huko chini miaka yote hii kama hawana mama. Na sisi tunawaacha wavishwe miwani! Tutawazika. Tutawajengea kaburi la heshima hapa langoni."

Mtu mmoja wa nyuma akauliza, "Mwalimu, tunajuaje ni askari?"

"Jina lenyewe si linasema? Ngomeni. Watu wa ngome."

Vijana walipiga makofi. Kevo alisema, "Hiyo ni kweli kabisa." Mchungaji alikuwa ameketi mbele, naye akatikisa kichwa polepole kukubali, maana kwa muda mrefu vile vichwa vilikuwa vinamkera na hapa ilikuwa imepatikana njia ya kuviondoa bila kugombana na mtu. Mimi niliwatazama wazee. Walikuwepo wengi siku ile. Mmoja alikuwa anakuna fimbo yake kwa ukucha. Bibi mmoja wa karibu na mtoni, Mama Righa, alikuwa ameinamia mapaja yake kama anatafuta sindano. Na Mzee Mwandoe alikuwa ameishika kofia yake kwa mikono miwili.

"Mzee Mwandoe," Mwalimu Maghanga akasema, kwa heshima, "wewe ndiye wa zamani hapa kazini kuliko sisi wote. Unasemaje?"

Nilifikiri atasema. Kila mzee aliyekuwa mle ndani alifikiri atasema, na nadhani walikuwa wakimwomba kwa macho aseme, ili wao waseme baada yake.

"Nafuata kamati," akasema, akaketi.

Tulishuka pamoja jioni ile. Nilishindwa kujizuia nikamuuliza mbona hakusema.

"Ningesema nini, Mama Mghoi? Nisimame mbele ya mchungaji, mimi ninayegawa meza ya Bwana, niseme nina babu pangoni?"

"Si wewe tu mwenye babu pangoni, Mzee."

"Najua. Uliwaona? Wote walikuwa wanaangalia chini." Alitembea kidogo. "Baba yangu aliniambia nisahau. Labda hii ndiyo siku yenyewe."

Nilihuzunika sana, na niliona hasira pia, ila sikujua nimkasirikie nani. Hapakuwa na mtu mbaya katika jambo lile. Ningempata mmoja ningepumua.

Juma la kuvitoa vile vichwa, Mzee Mwandoe alisema anakwenda Makwasinyi kumwona binti yake aliyeolewa huko. Alikwenda ili asione. Mimi niliona. Vijana walifanya kazi nzuri, msiseme hawakufanya. Walivaa glavu. Walikuja na magunia mapya, wakaweka nyasi laini ndani. Walisali kabla ya kuanza. Wakavitoa kimoja kimoja ukingoni, wakaviteremsha ndani ya magunia, wakavifunga vizuri, wakavibeba hadi langoni bila kuvigonga. Kevo alinijia jasho linamtoka, amefurahi.

"Mathe, tumewashika fiti. Hata mmoja hajavunjika."

Ilikuwa kweli, hata mmoja hakuwa amevunjika.

Kaburi lilijengwa na fundi wa Voi, kwa simiti tupu, pembe nne, na kibao cha jiwe juu: HAPA WAMELALA ASKARI MASHUJAA WASIOJULIKANA. Siku ya kulizindua ilikuja kwaya, wakaja wakubwa, tukala pilau. Mzee Mwandoe alikuwa amerudi. Alisimama nyuma na kofia kichwani hata wakati wa maombi, na mtu aliyekuwa karibu yake akamgusa kumkumbusha. Akaivua.

Baada ya hapo hakuwa fundi tena. Mwiko ulimponyoka. Alisahau kulowesha kuta. Siku moja nilimkuta ameketi mbele ya pango tupu, nikamwambia chai imepoa, akaniambia, "Mle ndani nilikuwa nikijua pa kuelekea." Nilikaa naye mpaka akainuka.

Alisema hatimaye, lakini alisema kanisani, saa ya ushuhuda, Jumapili moja watu wakitarajia kusikia habari za mguu wake uliokuwa unauma. Alisimama akashika benchi la mbele. "Kaka na dada," akasema, "wale mliowazika si askari. Mmoja wao ni babu yangu, anaitwa Mwandoe, alikuwa mbeba mizigo. Nilimjua alipokaa. Nilinyamaza kwa sababu niliwaogopa nyinyi." Kisha Mama Righa akasimama upande wa wanawake, na mtandio wake umeanguka, akasema, "Na baba ya baba yangu yuko pale." Akasimama mwingine. Akasimama yule wa fimbo. Mchungaji alifunika Biblia. Nilivyowaona wazee wakilia siku ile, sijawahi kuona hata msibani.

Mwalimu Maghanga alimfuata Mzee Mwandoe uani, amebadilika rangi.

"Mzee, nilikuuliza. Nilikuuliza mbele ya watu wote."

"Uliniuliza, mwalimu. Sikuwa na uso wa kujibu."

"Basi tutafungua. Kila mtu atachukua wake, atarudishwa alipokuwa. Nakuahidi."

Na alitimiza. Mchungaji naye hakupinga, alikuja mwenyewe kushika nyundo. Simiti ile ilivunjwa kwa tindo asubuhi nzima. Mnajua mnavyotunza vitu pale ndani sasa, kila kitu kikiguswa kinapigwa picha kwanza kilipokaa, juu, chini, ubavuni? Ni mimi na Mwalimu Maghanga tulioweka amri hiyo, na mnalalamika kuwa inawachelewesha. Ilitoka siku ile.

Magunia yalifunguliwa, tukatandika turubai chini ya kivuli cha ukuta, vichwa vikapangwa juu yake. Watu wa zile familia walikuwa wamekuja na mashuka meupe, wengine na wajukuu. Mwalimu Maghanga akasema, "Mzee Mwandoe, wewe kwanza."

Mzee alivua kofia, akaniachia mimi niishike. Akainama kwenye kile cha kwanza, akakitazama. Akasogea. Akarudi. Alizunguka turubai lote, kisha akalizunguka kutoka upande wa pili, na hapo nilianza kuelewa, nikaona na wengine wanaelewa mmoja mmoja, mikono yao inashuka na yale mashuka. Vilikuwa vichwa. Vilifanana. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyewahi kuwajua wale watu kwa sura. Pangoni kila mmoja alijulikana kwa mahali, na mahali pakibaki jabalini huwezi kupapata kwenye gunia.

Mama Righa alisema, "Bwana wangu," akakaa chini.

Mzee Mwandoe hakukaa. Alianza tena mwanzo wa turubai, akainama juu ya kila kimoja, na juu ya kila kimoja akaita kwa sauti ndogo, "Mwandoe." Akangoja kidogo, akasogea. "Mwandoe." Hakuna aliyemzuia. Alipofika katikati, Kevo, ambaye machozi yalikuwa yanamtoka kama mtoto na alifikiri mzee amechanganyikiwa kwa jua, alimshika mkono.

"Mzae," alisema, "Mwandoe si ni wewe?"

Mzee alimtazama kwa upole, akampigapiga mkono.

"Ndiyo, mwanangu," akasema. "Nimebaki mimi tu."

Walirudishwa kaburini siku hiyo hiyo, kwa kuwa kuwarudisha pangoni bila kujua nani alikaa wapi wazee walisema ni kuwatupa. Safari hii tulijenga kwa chokaa, mimi na yeye. Mchungaji aliomba watu wafute maandishi ya uongo kwenye kile kibao cha jiwe, akaleta tindo. Neno askari tukalifuta. Mashujaa tukalifuta. Tulipofika kwenye wasiojulikana, Mwalimu Maghanga alisimamisha nyundo akamgeukia Mzee Mwandoe, na mzee akatikisa mkono kwamba liachwe. Lilikuwa limeshakuwa kweli.